Maji ya Juu ya Mstari Mwekundu

Katika nyumba niliyokulia, upande wa Ainabkoi, kulikuwa na maji ya aina mbili, na mtoto aliyeyachanganya aliipata habari yake. Maji ya kisima, yaliyotekwa bondeni, yalikuwa ya ng'ombe, ya kuosha matope miguuni na ya kupiga deki. Maji ya paa, yaliyoteremka kutoka kwenye mabati ya ghala la nafaka hadi ndani ya tangi la mawe alilolijenga baba yangu, yalikuwa ya chai, ya maharagwe na ya kufulia nguo nyeupe za kanisani. Mama yangu hakuhitaji kuambiwa ni yapi. Alilowesha kiganja, akapitisha kipande cha sabuni mara moja, kisha akasugua kwa kidole gumba. Povu likiinuka na kusimama, alisema, "Ya paa." Likizama na kuacha ukoko wa kijivu kwenye mistari ya mkono, aliyamwagia maua.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo kikuu katika darasa la kemia, mhadhiri alitufundisha tofauti ya maji magumu na maji laini. Alieleza jinsi maji yapitayo ardhini yanavyobeba kalsiamu na magnesi kutoka kwenye miamba, na jinsi madini hayo yanavyoikamata sabuni kabla haijatoa povu. Wenzangu walinakili. Mimi nilitabasamu peke yangu, kama mtu anayetambulishwa rasmi kwa jirani aliyemjua tangu utotoni.

Tangi lile lilikuwa na sheria zake, na baba yangu alizishika kama wengine wanavyoshika sheria za mipaka ya shamba. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi haikuruhusiwa kuingia. Bomba lililoteremka kutoka kwenye gata la paa liligeuzwa likatazama nje, na mvua ile ikamwagika ardhini pamoja na vumbi, majani makavu na kinyesi cha njiwa. "Paa lioge kwanza," alisema. Na ndani ya tangi, kwenye ukuta, alikuwa amepaka mstari kwa rangi nyekundu iliyobaki alipomaliza kupaka lango. Maji yaliyokuwa juu ya mstari yalikuwa yetu. Yaliyokuwa chini yake yalikuwa ya yeyote atakayebisha hodi na mtungi mtupu visima vya majirani vitakapokauka. Mtu huyo hakuulizwa anakwenda kupika nini. Alifunguliwa kufuli, akateka, akaenda zake. Baba alipofariki, ufunguo ulihamia shingoni kwa mama yangu, na mstari ukabaki palepale.

Mimi ni mpishi wa bia. Nimeiandika sentensi hiyo waziwazi kwa makusudi, kwa sababu kwa muda mrefu nyumbani kwetu haikuwahi kutamkwa.

Kabla ya hapo nilifanya kazi katika maabara ya kinu cha unga, nikipima ngano za watu wengine. Ilikuwa kazi ya heshima, na iliniwezesha kulea watoto wangu. Lakini mtu akifika katikati ya umri wake huanza kujiuliza ni kitu gani atakachokitengeneza kwa mikono yake kabla macho hayajachoka. Rafiki yangu wa tangu chuoni, mwanamume wa Chepsaita aliyesomea biashara, alikuwa akijiuliza swali hilohilo. Tukakodi ghala kuukuu nje kidogo ya mtaa wa Pioneer mjini Eldoret, mahali ambapo hadi leo vijana wa bodaboda hujibanza chini ya baraza letu mvua inaponyesha, tukanunua mapipa ya chuma yaliyokwisha kutumika kwingine, tukaanza. Na kwa kuwa tulikuwa wageni katika kazi hiyo, tulichagua bia iliyo ngumu kuliko zote: pilsna ya mtindo wa Kijerumani.

Nasema ni ngumu kwa sababu haina pa kuficha kosa. Bia nyeusi, iliyopikwa kwa kimea, yaani shayiri iliyooteshwa, kilichokaangwa, husamehe mengi. Ladha yake nzito hufunika makosa madogo kama mchuzi wenye viungo vingi. Pilsna ni nyeupe kama bua la ngano lililokauka. Mwili wake ni mwepesi, na uchungu wake, unaotokana na maua ya hopsi, unapaswa kufika ulimini, kujitambulisha, kisha kuaga. Ukikawia, kuna mtu aliyekosea. Bia hii ilizaliwa katika mji mmoja wa Ulaya ya kati ambao maji yake karibu hayana madini yoyote. Wajerumani waliipokea, wakaifanya kavu na kali zaidi. Miji mingine ya huko, yenye maji magumu, ilipika bia nyeusi kizazi baada ya kizazi, na si kwa sababu watu wake walipenda giza. Maji yao yalitaka hivyo. Maji huamua kabla ya mpishi kuamka.

Sababu yenyewe si ya ajabu. Kimea cheupe kikilowekwa katika maji moto kinahitaji uasidi kidogo ili utamu wake utoke na ukakasi wa maganda ubaki kwenye maganda. Maji magumu ya ardhini, hasa yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, huua uasidi huo. Matokeo yake ni bia yenye ladha ya chai iliyosahauliwa jikoni na majani yake ndani.

Nilipopima maji yaliyotoka kwenye paa la ghala letu mara ya kwanza, niliketi chini. Yalikuwa karibu matupu. Nilichohitaji ni kuyaongezea chumvi kidogo ya kalsiamu, kwa ajili ya hamira tu. Kuna wapishi katika nchi za mbali wanaonunua mitambo ya bei ya kutisha ili kuyavua maji yao madini yaliyoyavaa ardhini. Kwetu mawingu yanafanya kazi hiyo, kisha yanayatua maji juu ya bati. Tuna pia baridi ya nyanda hizi, ambayo bia hii huipenda inapolala, na tuna shayiri inayolimwa nje tu ya mji. Nilijivuna siku hiyo, na sioni haya kusema kwamba bado najivuna.

Shayiri yenyewe, mama yangu huilima. Hilo nalo lisemwe. Ni mzee wa kanisa, hajawahi kuonja kileo, na kila msimu lori huja Ainabkoi kuchukua shayiri yake, ambayo haiendi kupikwa uji. Mambo haya mawili yaliishi ndani yake kwa amani. Lililokosa amani ni mimi. Wanawake wenzake kanisani walipomwuliza nafanya kazi gani siku hizi, nilimsikia kwa masikio yangu.

"Yuko kwa kampuni ya vinywaji."

"Soda?"

"Vinywaji," alisema. "Na wewe, goti linaendelea aje?"

Hakuwahi kukanyaga kiwandani kwetu, ingawa alifika Eldoret mara kwa mara kununua dawa za mifugo na mbegu. Hakunikemea. Kwa lugha yetu ya nyumbani alikuwa ameniita "maitu", yaani mama yangu, tangu nizaliwe, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Tangu nianze kupika bia aliniita "wewe msomi". Nilijua uzito wa badiliko hilo. Nilitaka jambo moja tu, nalo ni kwamba mama yangu aitaje kazi yangu kwa jina lake, mbele ya watu, bila kukimbilia goti la mtu.

Kisha kikaja kiangazi kirefu, na pamoja nacho nafasi tuliyokuwa tukiiombea. Hoteli moja ya mjini ilikubali kuionja pilsna yetu kabla ya Pasaka. Wakiipenda, ingetoka kwenye bomba la baa yao. Wakiikataa, mimi na mwenzangu tungefunga ghala na kurudi kwa waajiri, kwa sababu tulikuwa tumefika mwisho wa akiba na wa subira ya mwenye ghala. Matangi yetu ya mvua yalikuwa yamekauka. Maji ya mfereji ya Eldoret hutoka mabwawani na si magumu, lakini yalikuwa yakija kwa mgao, siku moja matope, siku nyingine hewa. Kilichobaki ni maji ya kisima kirefu kilichochimbwa na mwenye ghala, yale yanayoacha ukoko kwenye birika.

Nilisafiri kwenda kuagiza kimea. Niliporudi nilimkuta mwenzangu mlangoni, mikono kiunoni, uso umejaa ushindi.

"Prof, ile shida ya maji nimeimaliza," alisema. Ananiita hivyo kwa mzaha tangu tukiwa vijana.

"Umeimaliza vipi?"

"Magadi."

Niliweka mkoba chini.

"Si umesema maji ni ngumu? Kwetu Chepsaita maharagwe ikikataa kuiva, mama anatia magadi, inalainika. Nikajiambia, ugumu ni ugumu. Nimetia ya kutosha. Kimea kile kilikuwa kimebaki chote kiko ndani, kimeshatoa utamu wake. Njoo uone."

Nilikwenda nikaona. Maji matamu ya kimea, ambayo yangepaswa kuwa na rangi ya bua, yalikuwa na rangi ya chai nyeusi iliyokolea. Nilichota kikombe, nikampa.

"Onja."

Alionja. Uso wake ulijikunja kuanzia paji hadi kidevu.

"Hii ni dawa ya minyoo," alisema.

"Ndiyo."

"Tena ya ng'ombe."

Tulicheka hadi tukakaa juu ya magunia. Na kwa haki lazima niseme kwamba hakukosea kabisa. Magadi huyaondolea maji ugumu. Ndiyo maana mababu na mabibi zetu waliyatumia, na maharagwe hayakuwalalamikia. Lakini huondoa ugumu kwa kuleta ukali wa namna nyingine, ule unaoua uasidi, na kimea cheupe hakina uvumilivu wa maharagwe. Ni kosa ambalo Mjerumani asingeweza kulifanya hata kwa kulazimishwa. Lilihitaji mtu aliyelelewa na sufuria ya magharibi ya Kenya. Tulimwaga kila kitu, makapi yakaenda kwa ng'ombe wa jirani, na kicheko kikaisha. Bia hii haiharakishwi. Hulala kwenye baridi wiki nyingi kabla ya kuwa yenyewe, na tulikuwa tumebakiwa na muda wa kupika mara moja tu.

"Kuna tangi moja," nilisema hatimaye. "Huwa halikauki kabla ya mvua."

"La Mama?"

"La Mama."

"Basi ni afadhali tukaombe maji kwa askofu," alisema.

Nilikwenda Jumamosi. Mama yangu alikuwa ameketi nje ya ghala la nafaka akichagua viazi vya mbegu, vizuri kulia, vibovu kushoto.

"Wewe msomi," alisema. "Hata simu hukupiga."

"Nimekuja kuomba maji, Mama."

Hakuinua macho. "Eldoret imekauka hivyo? Chukua mtungi jikoni."

"Si ya mtungi. Ni ya lori."

Hapo aliyainua. "Maji ya lori ni ya kufanya nini?"

Ningeweza kusema ni ya kazi. Ningeweza kusema ni ya kuoshea vyombo, na lisingekuwa uongo mtupu, maana nusu ya upishi wa bia ni kuosha vyombo. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa binti wa vinywaji.

"Ya kupika bia, Mama."

Kiazi kilibaki mkononi mwake, si kulia wala kushoto. Kuku mmoja alipita katikati yetu, akatuchungulia, akaendelea na safari yake.

"Na usinitajie shayiri," alisema.

"Sijaitaja."

"Ulikuwa unakuja hapo, nimeona mdomo. Shayiri mimi nauza, lori inabeba, inaenda. Sijui inaenda wapi."

"Mama. Unajua inaenda wapi."

"Najua," alisema. "Lakini haiendi na mkono ya mtoto wangu."

Nilikaa kwenye gogo, nikaanza kumsaidia kuchagua viazi, kwa sababu mikono yetu imezoea kuzungumza vinywa vinaposhindwa. Baada ya muda aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mbali, kwa nini nisitumie maji ya kisima kama watu wengine wenye shida. Nikamweleza. Sikumtajia kalsiamu. Nilimweleza sabuni inavyozama na kuacha ukoko kiganjani, na jinsi maji hayohayo yanavyofanya uchungu wa bia ung'ang'anie ulimi ukakataa kuondoka. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande, kama anavyosikiliza mahubiri anayokusudia kuyapima.

"Kwa hivyo bia pia inakataa maji ya kisima."

"Hii ya aina yangu inakataa."

"Kama maharagwe."

"Kuliko maharagwe."

"Basi ni bia ya maringo," alisema, na nikaona kona ya mdomo wake ikisogea.

Aliinuka, akafuta mikono kwenye leso, akautoa ufunguo shingoni. Nilipanda ngazi ya mbao hadi kwenye mdomo wa tangi. Ndani kulikuwa na baridi na harufu ile ya jiwe lililolowa, harufu ya Jumamosi zote za utoto wangu. Maji yalikuwa safi kiasi cha kuuona mstari mwekundu ukiwa chini yake, umepauka lakini umenyooka.

"Yako juu ya mstari, kama mkono hadi kiwiko," nilimwambia.

"Hayo ni yangu. Chukua yote."

"Nawe utatumia nini?"

"Kisima iko."

"Na nguo za kanisa?"

"Mungu ameshaona nguo ya kijivu," alisema. "Lakini ukifika kwa mstari, funga. Chini ya mstari hakuna mtu wa bia."

Niliteremka. Alikuwa bado ameshika ngazi kwa mikono miwili, ingawa ngazi haikuhitaji kushikwa.

"Baba yako alisema hapa mtu akija na chombo haulizwi anaenda kupika nini. Mimi nimekuuliza kwa sababu wewe si mtu, wewe ni mtoto. Ungenidanganya ningekupea tu, lakini ningejua. Umejibu. Basi."

Mwenye lori niliyerudi naye siku chache baadaye alikuwa mfanyabiashara kutoka kaskazini, Mwislamu mwenye kofia nyeupe isiyopata doa, ambaye kazi yake ni kupeleka maji kwenye majengo yanayojengwa mjini. Nilikuwa nimemweleza ukweli tangu mwanzo, maana tayari nilikuwa nimeonja faida yake. "Hiyo kazi yenu mimi siijui na sitaki kuijua, dada," alinijibu. "Pipa za huko ndani sibebi. Lakini maji ni baraka, na mimi baraka sikatai." Alivuta maji kwa pampu yake huku mimi nikiwa juu ya ngazi nikiutazama mstari, na ulipochomoza mwekundu na kulowa, nilipiga kelele naye akazima. Mama yangu alimkaribisha chai.

"Kwa hivyo hunywi?" alimwuliza, akimjazia kikombe.

"Sinywi, Mama."

"Hata mimi."

Mwanamume yule alitazama matangi yaliyojaa juu ya lori lake, kisha akamtazama mama yangu. "Na ni sisi tunapeleka," alisema. Walicheka wote wawili, wakaendelea kucheka hata niliponyamaza mimi, kama watu waliokutana kwenye foleni ya toba na kugundua kwamba wanasubiri kwa kosa moja.

Tulipika siku iliyofuatia kuwasili kwa kimea kipya, kuanzia alfajiri. Katika mwinuko wetu maji huchemka kabla ya kuwa moto kama yale ya pwani, kwa hiyo hopsi huhitaji muda mrefu zaidi sufuriani. Nilikuwa nimejifunza hilo kwa makosa, nalo lilikuwa sasa katika vidole vyangu kama chumvi ya mboga. Mwenzangu alizunguka mapipa akiwa amefunga mikono nyuma. "Sishiki kitu," alisema. "Nikishika, magadi itanirukia." Jua lilipoingia mlangoni nilichota kikombe cha kwanza, nikakiinua. Kilikuwa na rangi ya bua. Nilionja. Utamu ulikuwa safi, bila ukakasi, na ulimi wangu ulibaki ulimi. Wala sikupiga vigelegele. Niliweka kikombe chini, nikamwambia mwenzangu aonje, naye akasema, "Sasa hii minyoo itaipenda." Nikajua kwamba tumefika.

Jumapili moja, bia ikiwa imelala kwenye baridi yake, nilikwenda kuabudu Ainabkoi. Wanawake wa kikundi cha mama yangu huvaa vitambaa vyeupe vya kichwa, na kwa miaka yote niliyomjua kitambaa chake kilikuwa cheupe kuliko vyote. Ilikuwa fahari yake pekee aliyoikubali waziwazi. Sasa kilikuwa kimechukua rangi ya maziwa yaliyotiwa majivu. Aliketi safu ya mbele kama kawaida, shingo imenyooka. Mwenzake mmoja alimwuliza kama alikuwa amebadilisha sabuni. "Nimebadilisha maji," alijibu, akafungua kitabu cha nyimbo. Nilikaa nyuma yake nikikitazama kitambaa kile, na nakiri kwamba siku hiyo sikusikia neno moja la mahubiri. Mtu huweza kusomeshwa na mama yake kwa kuuza ng'ombe, akashukuru. Lakini kutoa weupe wa kitambaa kwa ajili ya kitu usichokikubali ni zawadi nyingine kabisa, na nilijiapiza kwamba bia ile isingetoka pipani ikiwa na dosari hata moja.

Haikuwa nayo. Meneja wa hoteli alikuja na mpishi wake mkuu, mtu aliyewahi kufanya kazi ughaibuni na ambaye alikuwa amekuja, nadhani, ili atuhurumie. Aliinua bilauri, akatazama povu lililokuwa limesimama kama kofia, akanywa, akangoja. Nilijua anachongojea. Alikuwa anangojea ule uchungu ukawie. Haukukawia. Alinywa tena, kisha akamgeukia meneja na kumwambia, kwa sauti ya mtu aliyeudhika kidogo, kwamba hapakuwa na la kuongeza. Wiki hiyohiyo bia yetu ilianza kutoka kwenye bomba la baa yao.

Mama yangu alifika kiwandani bila taarifa. Alikuwa ametoka kununua dawa za mifugo, na mfuko wa dawa ulikuwa bado mkononi.

"Nimekuja kuona maji yangu," alimwambia mwenzangu mlangoni, naye akakimbia kuleta kiti, akasahau alikokiweka, akaleta ndoo iliyopinduliwa. Hakuketi. Nilimmiminia bilauri moja. Aliipeleka dirishani, akaiinua hadi akaweza kuona barabara na bodaboda zikipita kupitia ndani yake.

"Inafanana na chai ya rangi imenyimwa majani," alisema.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia, na ambalo ningelitarajia kama ningekuwa na akili. Alichovya ncha ya kidole katika povu, akalipaka kwenye kiganja cha mkono wa pili, akasugua mara moja kwa kidole gumba. Alitazama. Povu lilibaki limesimama. Mwenzangu aliufungua mdomo ili aulize, nikamkanyaga.

"Ni ya paa," alisema mama yangu. Alifuta mkono kwa leso yake, akanirudishia bilauri ikiwa imejaa kama alivyoipokea, akaaga kila mtu kwa heshima, akaondoka na dawa zake.

Mvua ilichelewa, kisha ikaja kwa hasira alasiri moja nikiwa Ainabkoi. Tangi lilikuwa karibu tupu. Yote yaliyokuwa chini ya mstari yalikuwa yamechukuliwa na majirani, mtungi kwa mtungi, kama ilivyokusudiwa, na wanawake wawili wa kanisani waliokuwa wamekuja kuteka ya mwisho walikwama nasi chini ya baraza la ghala. Bomba lilikuwa limegeuzwa nje. Tulitazama maji ya kahawia yakichuruzika ardhini, yakibeba vumbi la kiangazi kizima.

"Na huyu binti wako wa vinywaji," mmoja wao alimwuliza mama yangu, akinitazama mimi, "ni vinywaji gani hasa?"

Nilijiandaa kusikia habari za goti.

"Bia," alisema mama yangu.

Mwanamke yule alishika mdomo. "Bia?"

"Bia. Ya kule kwa Wajerumani, nyeupe. Haikubali maji ya kisima hata ukiibembeleza. Hoteli yote ya Eldoret wanaitafuta." Hilo la mwisho halikuwa kweli, ni hoteli moja tu, lakini sikuwa na nia ya kumsahihisha. "Na kama si maji ya hii tangi, haingetoka. Wacha wakuambie kitu ingine."

Alitoa mkono nje ya baraza, akakinga maji yaliyokuwa yakitoka kwenye bomba, akayatazama kiganjani. Yalikuwa yameanza kuwa meupe.

"Maitu," aliniita, "geuza bomba. Paa imeoga."

Nilitoka mvuani, nikalishika bomba kwa mikono miwili, nikalirudisha kwenye mdomo wa tangi. Maji yakagonga sakafu ya jiwe kwa kishindo, na yule mwanamke wa kanisa, ambaye alikuwa bado na swali, ikambidi angoje.